Macho Mawili, Jibu Moja

“Uliiangalia, au hukuiangalia?”

“Mwalimu, kwani nani hakosei?”

“Sijakuuliza habari za watu. Nakuuliza wewe!”

Kijana akaikodolea macho hadubini kana kwamba ndiyo itakayomtetea. Alimwita mchumba wake Mwalimu kwa sababu ndiye aliyemfundisha kusoma slaidi za damu. Wenzao wa maabara waliwaita Pete na Kidole, maana ukimwona huyu, yule hayuko mbali. Kazini tu ndiko walikotenganishwa. Kituo kilikuwa kinajaribu dawa mseto mbili mpya kwa watoto wenye malaria isiyo kali, kuona kama zinatibu sawa na ile ya zamani. Mtoto akirudi kupimwa, slaidi yake ilisomwa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, na ilikuwa mwiko kuambiana. Wakitofautiana, aliitwa mtu wa tatu.

Asubuhi hiyo mama mmoja aliingia mbio na mwanawe mgongoni, mwili unachemka. Juzijuzi tu Mwalimu na kijana wote wawili walikuwa wamesema damu yake ni safi. Mwalimu akaitoa ile slaidi, akaitazama upya. Wadudu walikuwepo, wachache, lakini wapo. Siku ile macho yalikuwa yanamuuma, akapitiwa. Haya, yeye alipitiwa. Na huyu mwenzake?

“Ulinitumia meseji,” kijana akasema kwa sauti ya chini.

Mwalimu akafungua simu. Kweli, ilikuwepo: “Leo zote safi mpenzi, macho yananiuma, njoo twende zetu.”

“Ulikuwa hujasoma bado?”

“Bado. Tulikuwa tunawahi kwa fundi wa gauni lako. Nikajibu safi.”

“Siku hiyo tu?”

Kijana akaanza kufuta lenzi ya hadubini.

“Nijibu!”

“Si siku hiyo tu. Wewe hukosei, Mwalimu. Nakuamini kuliko macho yangu.”

Mwanamke mwingine angeyeyuka. Yeye maneno hayo yalimkata maini.

“Mtoto wa watu angekufa kwa mapenzi yako! Na dawa ingesifiwa bure, wapewe watoto wengine! Mimi nilihitaji mtu wa kunibishia, wewe unaitikia tu kama kwaya!”

“Ukimwambia msimamizi, tumekwisha. Harusi je?”

“Namwambia. Mwiko hata mimi nimeuvunja.”

Alipitia kwanza wodini. Mtoto alikuwa ameshabadilishiwa dawa, kalala, na mama yake anampepea kwa upande wa khanga. Hapo simu ikalia, meseji ya kijana.

“Nimeshamwambia msimamizi. Nimesema kosa ni langu peke yangu.”

“Eti peke yake! Shujaa wa wapi huyu?” Mwalimu akafyonza, akaenda mwenyewe kumwonyesha msimamizi ile meseji yake.

Msimamizi, mama asiyejua mzaha, alimwita na kijana, akawasikiliza mpaka mwisho.

“Slaidi zenu zote zitasomwa upya na watu wengine,” akasema. “Nyie wawili, hadubini mtaitazama kwa mbali. Tokeni.”

Wakatoka, wakakaa kwenye ngazi, hakuna aliyemgusa mwenzake.

“Unanichukia?”

“Nimekukasirikia. Ni vitu viwili.”

“Na harusi?”

“Wewe unaonaje?”

“Mimi… vile utakavyoona wewe, Mwalimu.”

Mwalimu akageuza uso.

“Hapana, ngoja,” kijana akasema. “Naona tuiahirishe. Sasa hivi huniamini, na una haki. Usiolewe na mtu usiyemwamini. Slaidi zikishasomwa, vyovyote zitakavyotoka, nitakuja kwenu upya, nikuombe mbele ya baba yako.”

“Mialiko imeshatoka!”

“Najua. Nitawazungukia mmoja mmoja.”

“Mama yangu atakula nyama yako mbichi.”

“Ale.”

“Mimi nataka tufunge hivyo hivyo, sikia! Hasira zitaisha.” Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

“Nimesikia. Nakataa.”

Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja, akasogea mpaka mabega yao yakagusana.

“Basi utakuja,” akasema. “Ila ole wako uchelewe.”