Rafu Tupu Mwaka wa Kura

Uliona na wewe. Usiniambie hukuona. Kila mwaka wa kura maduka ya watu wa Murang'a yanapungua bidhaa kidogo kidogo, na wewe unanunua sukari yako unaenda zako bila kuuliza. Basi leo utasoma.

Kiarie, mtu wa Murang'a aliyefungua duka ugenini, alikutana na Rodah, mwenyeji, siku ya soko pale Roret. Mvua ilikuwa inamwagika, watu wamebanana kwenye varanda ya duka lake. Rodah alikuwa na rinda la manjano na viatu vya kanisani vilivyojaa tope.

"Uko na gambuti namba sita?"

"Na hiyo rinda?"

"Rinda haichumi majani chai, ni mimi nachuma. Lete gambuti, wacha maswali ya chifu."

Kiarie alicheka. Alikuwa hajacheka na mtu hapo kwa muda mrefu. Jioni alikula peke yake nyuma ya duka, simu imeegemea pakiti ya unga, mamake akimwongelesha kutoka Murang'a. Baada ya siku hiyo ikaanza kulia simu ya pili kila jioni, ya Rodah.

"Umefunga duka, mpenzi?"

"Nimefunga. Nakula."

"Githeri tena? Ukinioa utakula kama mtu."

Wakapanga koito mwezi wa Desemba, siku ya watu wa mvulana kwenda kuposa kwa kina msichana. Mamake Kiarie ataweza kuja? Kiarie alimjibu Rodah mbele ya babake kwamba miguu inamsumbua.

Julai, kura ikiwa Agosti, Rodah aliingia dukani akasimama katikati.

"Sabuni iko wapi?"

"Imeisha."

"Mchele?"

"Pia."

"Duka haiishi yenyewe, Kiarie. Unahama. Uko na bibi Murang'a?"

"Niko na mama tu." Aliongea polepole, kama mtu anayesoma bei. "Kura ikikaribia hatuongezi stoki. Wakituchomea, wachome kidogo. Sisi wa Murang'a wote tunafanya hivyo."

"Wote?"

"Tembea hii laini ya maduka uangalie."

Rodah alitoka. Kiarie alimtazama kutoka mlangoni akisimama duka moja, halafu lingine. Rodah alikuwa amezaliwa hapa, amenunua hapa miaka yote, na hakuwahi kuona hizo rafu tupu. Alirudi amelowa, mwavuli mkononi haujafunguliwa.

"Mama yako haumwi miguu."

"Alikuwa na duka Chepseon. Mwaka wa elfu mbili na nane, baada ya kura, ilichomwa akiangalia. Alisema hatakanyaga huku tena."

"Na ukanidanganya."

"Ningesema nini mbele ya baba yako?"

"Hiyo hiyo ya Chepseon."

Rodah akaenda. Siku kadhaa simu yake haikushikwa, na Kiarie akaanza kufunga nguo zake kwenye mfuko.

Jumapili alikuja babake Rodah, mzee Aron, na koti la kanisa. Rodah alikuwa nyuma yake, macho yamevimba.

"Pigia mama yako," mzee alisema.

Kiarie akapiga, akaweka spika.

"Mama Kiarie, mimi ni baba Rodah. Desturi ni nyinyi mje kwetu. Lakini watu wetu walikufukuza, siwezi kukungoja nimekaa kwa kiti."

"Watu wenu?"

"Sisi. Kwa hivyo tutakuja huko kwako, kabla ya kura, tukuombe msamaha, uje koito."

"Wazee wenzako watakucheka."

"Wacha wacheke."

Kiarie alisikia jogoo akiwika huko kwao.

"Mkuje basi," mama alisema. "Sijasema ndiyo. Nimesema mkuje."

Rodah aliushika ule mfuko wa nguo, akaumwaga kitandani.

"Tutaenda na utarudi na mimi," alimwambia. "Ukibaki huko nitakufuata na hii rinda."

Na wewe? Huyo jirani yako mwenye duka, mamake yuko wapi, na kwa nini haji kumwona? Hujui. Weka hii chini, vuka barabara, muulize leo, si wiki ya kura. Na kura ikifika, simama mlangoni kwake.