Mkono Uliobandika Utepe

Asubuhi ile muuguzi alikuta vifurushi vya vifaa vimeshonwa.

Kila kifurushi kilikuwa kitambaa cha kijani kilichokunjwa pembe nne, ndani yake koleo, mkasi na sindano za kushonea majeraha. Siku zote vilifungwa kwa utepe wenye mistari iliyofifia. Kifurushi kikiingia kwenye mashine ya mvuke na joto likatosha kuua vijidudu, mistari hugeuka myeusi. Sasa utepe ulikuwa umebanduliwa na kuwekwa kando, na mahali pake palipita uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana kama meno ya mtoto.

"Shemeji, utani huu sijaupenda," alimwambia daktari, mume wa dada yake.

Daktari, ambaye wagonjwa walimwita Chapchap kwa jinsi foleni isivyokaa mlangoni pake, aligeuzageuza kifurushi. "Mimi nishone? Hata kifungo cha shati dada yako ndiye ananitilia. Kata, bandika utepe mwingine. Wakaguzi wa ubora na usalama wanakuja kesho kutwa."

Utepe mwingine ulikuwa kwenye droo, mistari yake tayari myeusi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao. Mashine ilichukua muda na wagonjwa walinung'unika, kwa hiyo Chapchap alimwagiza muuguzi aukunjue utepe mzima na kuuchemsha peke yake kwenye mashine, mara moja, mistari yote igeuke myeusi. Tangu hapo vifaa vilioshwa kwa sabuni na maji ya moto tu, vikafungwa, na macho ya mkaguzi yakaridhika. Waliuita utepe wa akiba. Dada mtu, aliyekaa mapokezi na mimba yake kubwa, hakuwa na habari.

Muuguzi alipokata mishono, aliitambua. Kila mstari ulimalizikia kwa fundo maradufu na kipande cha uzi kilichoachwa kikining'inia. Pindo la koti lake jeupe lilikuwa hivyo hivyo. Fundi aliyewashonea makoti alijifungulia hapa, kitanda cha dirishani. Alichanika, Chapchap akamshona kwa vifaa vya utepe wa akiba, na fundi akaenda zake akicheka kwamba kumbe fundi naye hushonwa. Kidonda kikaoza. Alipofariki, Chapchap alimwambia mume wa marehemu kuwa ni homa, na homa haina mwenyewe.

Adhuhuri, benchi la wagonjwa likiwa limejaa, cherehani ililia ndani ya chumba cha mashine ya mvuke. Trrr, kimya, trrr. Mzee mmoja akauliza kwa kicheko, "Siku hizi mnatibu na kushona suruali?" Watu wakacheka. Muuguzi alifungua mlango: hapakuwa na kitu, ila harufu ya mafuta ya mashine, na chini yake harufu tamu ya kidonda kilichofunikwa muda mrefu.

Jioni dada yake alimvuta msalani, akafunga komeo.

"Mdogo wangu, usimwambie shemeji yako, atasema nimechanganyikiwa." Alinong'ona kama mwizi. "Nikisinzia tu, kuna mtu ananipima. Ananizungushia futi tumboni, anaguna, anapima tena. Leo nimeamka na hii."

Akainua gauni. Kuanzia chini ya kitovu kwenda chini palikuwa na mstari wa chaki, mweupe, ulionyooka, na vijistari vya kukatiza, kama fundi anavyochora kitambaa kabla ya kukata.

"Nimesugua. Hautoki."

Muuguzi alisugua kwa spiriti, akasugua kwa sabuni, mpaka ngozi ikawa nyekundu na dada yake akalia kimyakimya, na mstari ukabaki vilevile.

Kesho yake alimleta mganga, kizee mwenye miwani minene, akampitishia mlango wa nyuma. Kizee hakuwasha chochote. Alivua viatu, akaketi sakafuni kwenye chumba cha mashine, akawa anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mashtaka ya jirani.

"Huyu si marehemu, wafu hawarudi," alisema alipotoka. "Ni jini aliyekuwa akikaa kwenye cherehani ya marehemu. Walizoeana. Sasa anamdai mwenziwe."

"Mtoe, bibi," alisema Chapchap, ambaye muuguzi alilazimika kumweleza yote.

"Jini mkorofi namfukuza hata kwa fagio, mwanangu. Mwenye haki hafukuzwi. Siku ile alibaki nyumbani, hakuona. Anauliza: ni mkono wa nani uliobandika utepe? Anataka mwenye mkono aitike mwenyewe, mbele ya mtu wa nje."

"Na asipoitika mtu?"

Kizee alitazama upande wa mapokezi. "Atakata pale alipochora."

Alipokwenda zake, Chapchap alimshika muuguzi kiwiko. "Shemeji, utaitika wewe. Wewe ndiye uliyeuchemsha ule utepe. Huna mume, huna mtoto tumboni. Mimi nikiondoka nani atamlea huyo anayekuja?"

"Uliniagiza wewe. Na siku ile tulibandika wote."

"Nani atajua?"

Muuguzi alichomoa kiwiko chake. Alikuwa akimpenda dada yake kuliko roho yake, hivyo ndivyo alivyosema siku zote. Lakini usiku kucha aligundua kuwa roho nayo ina maneno yake.

Wakaguzi walifika asubuhi: mama mmoja mpole, kalamu sikioni, na msaidizi wake. Mama alikagua sinki, akakagua ndoo za taka, akachukua kifurushi na kupitisha kidole kwenye mistari myeusi. Cherehani ilikuwa imenyamaza tangu alfajiri, na ukimya wake ulikuwa ukimya wa mtu aliyetega sikio. Kule mapokezi dada alishika meza kwa mikono miwili. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Kazi safi," alisema mama mkaguzi. "Nani anayesimamia hapa?"

Chapchap alimkazia shemeji yake macho. Muuguzi akatabasamu, tabasamu pana alilolipima tangu usiku, akasema, "Mama, huyu daktari wetu ana wivu na vifaa vyake. Tunamwomba atuachie, hataki. Anasema mikono yetu sisi wanawake haina umakini."

Mama mkaguzi alicheka. "Kweli, daktari? Mabingwa wengine hata hawajui mashine iko wapi!"

Na Chapchap, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuipisha sifa iliyosimama mlangoni, alivuta koti lake, akajisahau, akasema, "Mama, usalama wa mgonjwa siwezi kumwachia mtu. Kila utepe unaouona hapa nimeubandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Trrr.

Haikutoka tena chumba cha mashine, ilitoka mlemle walimosimama, karibu kiasi cha kutikisa vikombe vya dawa, na Chapchap alipofungua kinywa arudishe maneno yake, uzi mweusi uliibuka pembeni mwa mdomo wake, ukazama, ukaibuka, ukazama, bila sindano, bila mkono, ukielekea upande wa pili taratibu kwa ustadi, huku yeye akijikwaruza na kupiga kelele iliyozidi kuwa nyembamba kila mshono ulipopita, mpaka ikabaki mvumo wa puani, na mwishoni uzi ukajifunga fundo maradufu.

Dada alijifungulia hospitali kubwa, salama, mtoto wa kike. Tumbo lake halikuwa na alama. Chapchap alilazwa wodi ya juu. Wapasuaji walikata mishono mara kadhaa, na kila walipogeuka kuchukua pamba ilikuwa imerudi. Waliamua kumlisha kwa mpira wa puani.

Muuguzi alimpakata mpwa wake. Dada alimtazama muda mrefu kutoka kitandani.

"Mume wangu ananiandikia kwa kidole mkononi," alisema. "Anaandika jina lako, na neno utepe. Niambie, mdogo wangu. Huo utepe ulikuwa unaujua?"

Muuguzi alimtazama mtoto, kisha akamwinulia dada yake macho. Neno "hapana" lilikuwa tayari ulimini. Kisha akahisi, pembeni mwa midomo yake, ubaridi wa kidole kilicholowa mate, kikigusa kwa upole, kikitafuta pa kuanzia.