Kesi Iliyozeeka

Mkahawa ulio mbele ya mahakama ya Bari, kusini mwa Italia, ulikuwa umefurika mawakili. Loredana alikuwa akinywa kahawa wima kwenye kaunta, koti jekundu limefungwa hadi shingoni, mtu akampiga kiwiko, kahawa ikammwagikia.

"Samahani, bibie..."

"Wewe!"

Alikuwa Ruggero, mhandisi wa manispaa, ndani ya suti ya buluu ambayo Loredana alimchagulia walipokuwa wachumba. Dari ya shule ilipoanguka na kumvunja nyonga Tommaso, mtoto wa dada yake Loredana, ilisemekana Ruggero na meya walikula rushwa ya mkandarasi aliyeijenga, wakashtakiwa. Siku hiyohiyo Loredana alirudisha pete.

"Lore, mpenzi, yamekwisha! Tukitoka mapumziko jaji anaifuta kesi. Muda wake wa kisheria umepita."

"Umeonekana huna hatia?"

"Si nimekuambia, inafutwa."

"Kesi imezeeka ikafa, na mawakili wenu ndio walioiua. Ahirisha leo, ahirisha kesho."

"Sikula hata senti!"

"Basi kataa."

Sheria inamruhusu mshtakiwa kuikataa zawadi hiyo ya muda kupita, akadai ahukumiwe. Wanaothubutu wanahesabika kwa vidole.

"Wakili anasema ni mjinga tu anayekataa. Naweza kufungwa, Lore. Majaji hawa hukosea."

"Hukosea, najua. Na Tommaso anachechemea. Ukikutana naye utamwambia nini? Kwamba kalenda ilikuokoa?"

"Una roho mbaya."

"Ninayo. Nenda zako."

Akaenda.

Loredana alikusudia kurudi kwenye duka lake la miwani. Miguu ikampeleka mahakamani. Alimkuta Ruggero amesimama, anamwambia jaji: "Mheshimiwa, naikataa. Nataka kuhukumiwa."

Wakili wake akashika kichwa. Meya akamtukania mama yake kwa mnong'ono, kama yuko kanisani.

Loredana alimsubiri nje, mikono kifuani.

"Umefurahi?" Ruggero alifoka. "Nikifungwa je?"

"Nitakuletea chakula."

"Na matusi?"

"Matusi kwanza." Akamshika tai, akainyoosha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Jumapili njoo kwa mama. Utakaa mkabala na Tommaso, na usitegemee mtu akumiminie mvinyo."

"Na pete?"

"Hiyo ni kesi yangu mimi. Kwangu kesi hazizeeki."

Lakini tai hakuiachia.