Maneno Sita ya Uwimpuhwe

Foleni ya kuvuka mpaka kwenda Goma ilikuwa ndefu asubuhi hiyo, na Uwimpuhwe, muuza samaki kutoka Nyamyumba, alikuwa amejitwisha beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kitenge chake cha manjano kilimkaa vizuri mno, hata Nkusi, fundi simu wa Mbugangari, akasahau kusogea.

"Kaka, we iko unalala?"

"Silali, dada. Natazama."

"Bon, tazama na mupaka. Iko mbele."

Nkusi, aliyekulia Mwanza, alicheka hadi akaombwa kitambulisho mara mbili. Baada ya miezi minane walikuwa wachumba. Akiba ya harusi waliiweka katika sarafu za mtandaoni, zinazofunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri. Sita alikaa nayo Nkusi. Sita Uwimpuhwe aliyaandika kwenye karatasi akaificha ndani ya Biblia, ili asiwepo wa kuzifungua peke yake. Wengine huvishana pete. Hawa waligawana maneno.

Kisha kampuni ya sarafu hizo ikatangaza kwamba za zamani zibadilishwe kwa mpya.

"Tungoje siku ya posho, tufanye wote wawili," Uwimpuhwe alisema kwenye simu, akimaanisha Jumamosi. "Tutafungua ukurasa yao yenyewe, si ya kutumiwa na watu ya WhatsApp. Na mutu akiuliza maneno yetu, ujue ni mwizi."

"Sawa, mwalimu wangu mtamu," Nkusi akamtania.

Alhamisi simu ililia Uwimpuhwe akianika sambaza.

"Mpenzi... sarafu zimekwenda. Nilipata kiungo kwenye kundi la WhatsApp, wakasema mwisho ni leo. Nikajaza maneno, zikatoweka."

"Maneno gani? Yangu iko hapa, ndani ya Biblia."

Akakimbilia ndani, akaikuta karatasi mahali pake.

"Nkusi, yangu ulitoa wapi?"

"Nilipiga picha. Siku ileile tulipogawana, ulipokwenda jikoni. Tahadhari tu, mpenzi, usije ukaipoteza karatasi."

Pesa ilimuuma Uwimpuhwe, asiseme mtu haikumuuma. Lakini siku ileile! Yeye alikuwa jikoni akimkaangia samaki mnono kuliko wote, akiimba kwa furaha, na mwanamume anamfungulia Biblia.

Kesho yake Nkusi alimfuata kwenye foleni, shati jeupe limelowa jasho.

"Nimetapeliwa, Uwimpuhwe! Mimi si mwizi. Nitafanya kazi, zote zitarudi. Usiniache."

"Pesa ni watu ya mtandao walichukua, mi nimesamehe. Ile picha ni nani alipiga?"

Nkusi akainamisha kichwa. Uwimpuhwe alimpenda bado, hilo ndilo lililomtoa machozi. Alichomoa kwenye kitenge karatasi yake ya maneno sita, akaitia katika mfuko wa shati la Nkusi.

"Nilikuambia mwenye kuuliza maneno ni mwizi," alisema. "We hata hukuuliza."

Foleni ikasogea, naye akajitwisha beseni lake akavuka.