Kinyozi na Magugu ya Uwanjani

Baba yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa kinyozi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alisimama kwenye mlango wa jikoni na kuutazama uwanja wetu kama alivyotazama kichwa cha mteja. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo. Ulianzia mlangoni hapo, ukaishia kwenye geti. Wote ulikuwa na ukoka, zile nyasi fupi laini ambazo mtu hupenda kuzikanyaga bila viatu.

Ukoka ule ulikuwa dawa ya Bibi. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amepata kiharusi, na mguu wake wa kushoto ulibaki mzito. Hospitalini walimwambia atembee kila siku mahali palipo laini. Basi kila jioni alishika fimbo, Mama akamshika kiuno, wakaenda mpaka kwenye geti na kurudi. Bibi aliiita safari. Akirudi aliagiza chai na kuuliza habari za nyumbani, kana kwamba alikuwa nchi ya mbali.

Kisha magugu yakaingia. Yalitambaa chini kama kamba, yakapita katikati ya ukoka na kujifunga vitanzi. Jioni moja kitanzi kikamnasa Bibi kidole gumba cha mguu. Akaanguka, na Mama akaanguka chini yake. Tulikimbia kuwainua. Bibi alikuwa ametulia tu pale juu.

"Mkwe wangu," akasema, "wewe ni laini kuliko nyasi za mwanangu."

Sisi tulicheka. Shangazi aliposikia hakucheka. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, na alikaa ghorofani, ghorofa ya juu kabisa. Alikuja akaukagua uwanja akiwa amejishika kiuno. Akasema mvua zikiisha atakuja kumchukua mama yake. Kwake sakafu ni safi, na hakuna kinachotambaa. Baba alijaribu kujitetea, lakini dada mkubwa ni dada mkubwa.

Shangazi alipoondoka, Bibi alimwita Baba karibu.

"Mwanangu," alisema, "mimi nikipandishwa zile ngazi, sishuki tena. Nitakuwa wa kukaa kwenye kiti na kutazama ukuta. Fanya unavyojua."

Baba alijua kunyoa. Siku iliyofuata alifunga kazi mapema, akachukua mkasi mkubwa wa nyasi, akaunyoa uwanja mpaka ngozi ya ardhi ikaonekana. Pembeni alimalizia kwa mkasi wake wa kazini. Alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande, akaridhika. Majirani walisifu. Hata Mama alikiri kwamba hajawahi kuona uwanja uliochongwa hivyo.

Baba hakutupa vipande alivyokata. Aliviona vina kazi. Alivikusanya vyote, magugu na nyasi pamoja, akavitandaza mahali palipokuwa na vipara, ili vioze viwe mbolea.

Mvua ikanyesha. Vipande havikuoza. Viliota. Kila kipara kikajaa magugu mabichi, hata pale ambapo hayakuwahi kufika. Mama alimuuliza kwa upole kama ameamua kuyalima. Baba akanyoa tena, chini zaidi. Safari hii ukoka ukageuka njano, na magugu yakanenepa.

Ndipo aliponunua mfuko wa chumvi. Alikuwa ameanza kuufungua pale uwanjani jirani yetu alipochungulia juu ya ua. Jirani huyo alikuwa mama aliyetunza uwanja wa mpira ng'ambo ya barabara, na sote tulimwita Mama Uwanja. Kazi yake ilimzoesha kufokea watu wanaokatiza kwenye nyasi zake, kwa hiyo hata salamu zake zilisikika mtaa wa pili.

"Kinyozi," aliita, "hayo magugu unataka kuyala?"

Baba alimweleza kwamba anataka kuyaua. Mama Uwanja akaingia bila kungoja kukaribishwa. Akasema chumvi itayaua, ndiyo, lakini itaua na ukoka, kisha itaharibu udongo usiote kitu kwa muda mrefu. Baba akasema ameshayanyoa mara mbili na bado hayasikii.

"Hebu niambie," akasema Mama Uwanja. "Umewahi kunyoa mtu kichwa, nywele zisiote tena?"

"Hapana. Ningekufa njaa."

"Basi mbona unayanyoa magugu ukitegemea yaishe?"

Mama alilazimika kuingia ndani kucheka.

Mama Uwanja alichuchumaa, akavuta kamba moja ya gugu taratibu. Akatuonyesha vifundo vyake. Kila kifundo kilikuwa na majani juu na vijizizi chini. Alieleza kwamba gugu la namna hii likikatwa halifi, linaongezeka. Kipande kidogo chenye kifundo kikigusa udongo wenye maji, kinaanza maisha yake. Kwa hiyo Baba, alipotandaza vile vipande, alikuwa amepanda mbegu kwa mikono yake. Na ukoka ukikatwa chini mno hudhoofika. Jua linafika ardhini, na magugu yanapata nafasi na mwanga.

Baba aliuliza kama hakuna dawa ya kupuliza. Mama Uwanja alisema dawa zipo, lakini si za kununua kwa kuambiwa na mpita njia. Nyingine huua magugu na nyasi pamoja. Anayetaka kuzitumia amuulize afisa kilimo, asome maelezo, avae glavu, afunike pua na mdomo, na watu wasikanyage hapo mpaka muda ulioandikwa upite. Kwa uwanja mdogo, unaotembewa na mgonjwa pekupeku, mikono inatosha.

Kazi ilianza. Jioni tulimwagia uwanja maji mengi ili udongo ulainike. Asubuhi tukaingia na jembe uma. Tulifuata kila kamba ya gugu kutoka ncha hadi shina, tukaiinua pamoja na mizizi yake bila kuivuta kwa nguvu ikakatika. Shida ilikuwa kuziona kamba ndani ya nyasi. Baba alifikiri kidogo, akaenda kuleta chanuo. Akapiga magoti, akaanza kuzitenga nyasi mistari mistari kama anayetafuta chawa. Mama Uwanja aliinama kutazama. Wiki ile ile alinunua chanuo lake.

Bibi aliwekewa kiti katikati. Alikuwa msimamizi. Kila tulipoacha kipande alikinyooshea fimbo, na kama mtu hakusikia, fimbo ilimgusa mgongoni.

Magugu yote tuliyaweka juu ya bati juani mpaka yakakauka na kuvunjika mikononi. Hayakugusa udongo tena. Kwenye vipara tulipanda vipandikizi vya ukoka vilivyotoka kwenye uwanja wa mpira, tukavimwagilia mpaka vikashika. Baada ya hapo Baba aliacha ukoka ukue, akawa anaupunguza juu juu tu. Vidole vilimwasha sana kutaka kunyoa. Ukoka ulisongamana, ukafunika ardhi, na magugu yakakosa pa kupita. Machache yalichomoza tena, kwa kuwa hakuna anayeyamaliza kwa siku moja. Kila juma tulizunguka na chanuo, tukayang'oa yakiwa machanga.

Mvua zikaisha. Shangazi akaja kama alivyoahidi, na begi kubwa. Alipofungua geti alimkuta Bibi anakuja kumpokea. Alikuwa na fimbo yake tu. Mama alikuwa jikoni, na Baba alikuwa mlangoni, hapumui.

Bibi alifika, akalitazama begi.

"Karibu mwanangu," alisema. "Umefukuzwa?"

Shangazi akajibu kwamba begi ni tupu, alilileta kwa ajili ya nguo zake yeye Bibi.

"Zangu ziko mahali pake. Vua viatu, utanikanyagia nyasi."

Shangazi alitazama miguu ya mama yake. Mdomo ulimcheza kidogo. Akavua viatu. Bibi akamshika mkono ili amwongoze, wakaanza safari ya kuja jikoni, polepole, wote pekupeku. Kabla hawajafika, mmoja alijikwaa na kupiga magoti. Alikuwa Shangazi, kwenye begi lake mwenyewe.