Bega la Babu

Sogeeni karibu, jamaa zangu. Leo sisimulii habari za mwizi wala mlevi, maana hizo mnazo tele na mnazijua kunishinda. Nasimulia habari za watu wema, wachapakazi na wenye kupendana, ambao nusura wamzike mzee wao kwa sababu ya kuona haya. Zaidi ya yote nasimulia habari za mwanamke mmoja ambaye kila nikimkumbuka najisemea, kumbe dunia bado ina watu.

Palikuwa na karakana ya useremala nyuma ya nyumba ya Fundi. Ilikuwa na paa la bati, milango miwili mipana, na harufu ya mbao mbichi iliyokupokea kabla hujapiga hodi. Asubuhi ungemkuta Fundi mwenyewe kwenye meza ya msumeno, penseli sikioni. Binti yake alikaa mlango wa nyuma, penye hewa, akipaka viti vanishi. Mke wake alishona mito ya makochi kwenye cherehani iliyokuwa karibu na mlango wa mbele. Na katikati ya wote, juu ya kigoda, aliketi Babu, mzazi wa Fundi, akipiga msasa miguu ya meza. Akimaliza mguu mmoja alifumba macho, akaupapasa kwa ncha za vidole, kisha akatikisa kichwa na kuanza upya. Kwa Babu hapakuwa na mbao iliyolainika vya kutosha.

Masikio yake yalikuwa yameliwa na mashine kidogo kidogo tangu ujanani, hadi hakubaki na kitu. Kwa hiyo yeye mwenyewe aliongea kwa sauti ya mtu anayemwita mbuzi aliyevuka bonde. Akikuambia siri, mtaa mzima umeipata.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana hadithi yote imekaa hapo. Msumeno haukuwashwa hivi hivi tu. Fundi alishika swichi, akapaza sauti: "Nawasha!" Kila mtu alipo akaitikia: "Washa!" Babu hakuweza kusikia, kwa hiyo aliyekuwa karibu naye alimfuata na kumgusa bega. Babu akainua mkono wenye msasa juu, akatabasamu, na hapo ndipo umeme ulipopita. Akikosekana mmoja, mke wa Fundi alipiga ukelele: "Subiri!" Basi watu wakamwita Mama Subiri, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mtu akipita njiani aliwacheka. Lakini mguso ule wa bega haukuishia begani. Huyu alimgusa Babu akamuuliza kwa ishara kama amekunywa chai. Yule alimgusa akapigiwa hadithi ya kabati la zamani lililogoma kupita mlangoni. Siku nzima Babu alikuwa akiguswa na kuinua mkono, akiguswa na kuinua mkono. Kwa mtu asiyesikia, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Kazi zikaongezeka, na Fundi akanunua msumeno mpya. Mashine ile, tuseme kweli, ilikuwa ya kusifiwa. Juu ya meza ilikuwa na jicho, yaani kamera, iliyoona mkono ukisogelea meno na kuusimamisha msumeno papo hapo. Na ungeweza kuiwasha kwa simu ukiwa umekaa barazani. Aliyekuja kuifunga alikuwa mhandisi, msichana mtulivu asiyegusa waya kabla hajauliza maswali.

"Fundi," alisema, "kabla sijaipanga hii mashine, niambie. Hapa kwenu mna utaratibu gani wa kuwasha?"

Fundi akafungua kinywa. Mama Subiri hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua sponji. Fundi akajiona akilini akipiga kelele, binti akiitikia, na mzee akipapaswa bega, vyote mbele ya msomi huyu mwenye kompyuta kwapani. Uso ukapata joto.

"Hatuna utaratibu wowote," akajibu. "Tunawasha tu."

Mhandisi akaipanga mashine kama alivyoambiwa. Angefanya nini tena?

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wiki za mwanzo zilikuwa sherehe. Mbao zilikatwa zikanyooka kama zimepigwa rula, na siku moja mkono wa Fundi ulipoteleza, jicho liliusimamisha msumeno kabla hajasema "yalaa." Alikuja kuwaonyesha majirani kidole gumba chake kizima kama mtu aliyezaliwa upya. Nani angemlaumu kwa kuipenda mashine ile? Hata mimi ningeipenda.

Ila kuitana kulikoma. Fundi alibonyeza simu, msumeno ukanguruma, basi. Mama Subiri peke yake ndiye aliyeendelea. Akisikia mngurumo alipaza sauti "Washa!" hata bila kuulizwa, kisha akainua macho na kuwatafuta wenzake mmoja mmoja.

"Mke wangu, unajibizana na nani?" Fundi alimtania. "Jicho linaona kutushinda sote."

"Linaona mkono juu ya meza," alijibu bila kuacha kushona. "Babu je, linamwona?"

Fundi alicheka. Mama Subiri hakucheka, kwa sababu yeye alikuwa akimwona. Babu, miguu ikihisi sakafu imeanza kutetemeka, aliinua mkono wake wenye msasa juu, akageuka huku na huku akitafuta aliyemwita. Hakuna mwingine aliyekuwa akimtazama. Mkono ukashuka polepole. Siku zilivyokwenda kuinuka kwake kulipungua, na mwisho haukuinuka kabisa. Kigoda chake akakigeuza kikaelekea ukutani. Sahani yake ikawa inarudi jikoni na chakula nusu.

Mchana mmoja Mama Subiri alipompelekea maji, mzee alimshika kiganja.

"Mwanangu," alisema kwa sauti yake ile ya kuita mbuzi, na karakana nzima ikasikia, "nimewakosea nini?"

Mama Subiri akatikisa kichwa: hakuna, Baba.

"Mbona siku hizi hamnigusi?"

Binti aliacha brashi ndani ya vanishi. Mama Subiri alimfuata mumewe barazani na kumweleza. Fundi alikuwa akisoma ujumbe wa wateja. "Uzee huo," alisema. "Tutamnunulia na yeye simu." Jamani! Mtu anaomba mkono, anaahidiwa simu. Lakini tusimrukie Fundi peke yake, maana wangapi kati yetu tumejibu hivyo hivyo?

Basi ikawadia siku yenyewe. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuangalia madawati aliyoagiza. Fundi akamkalisha barazani, mbele ya mlango wa karakana, na kichwa kikavimba kidogo, kama kinavyovimba kichwa cha mwenye kitu kipya.

Ndani, Babu alikuwa ameona unga wa mbao umejaa chini ya meza ya msumeno. Kazi ya kuutoa ilikuwa yake tangu zamani, na mtu anayehisi hatakiwi hutafuta cha kufanya ili atakiwe. Akachukua brashi, akapiga magoti, akafungua kifuniko cha chini, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, mahali ambapo meno ya msumeno hupita. Jicho lilikuwa juu. Habari za chini ya meza halikuwa nazo.

"Mwalimu, tazama maajabu," alisema Fundi barazani. "Nabonyeza hapa, mashine inawaka yenyewe huko ndani."

"Subiri!" alipaza sauti Mama Subiri.

Hakuwa ameona kitu. Ilikuwa desturi tu. Macho yake yakazunguka kama siku zote: binti, yuko mlangoni. Kigoda, kitupu.

"Huyo ndiye mke wangu, Mwalimu," Fundi alicheka. "Kwake yeye kila kitu ni subiri." Akabonyeza.

Mama Subiri hakupoteza pumzi kumjibu. Aliangusha kiti, akaruka rundo la mbao ambalo siku nyingine angelizunguka, akaifikia swichi kuu ukutani na kuivuta chini kwa mikono miwili. Msumeno ulikuwa umeshaanza kunguruma. Ukakohoa, breki ikaushika, ukafa. Karakana ikawa kimya, na ndani ya kimya hicho Fundi aliingia mbio, simu bado mkononi.

Babu alitoa mkono wake chini ya meza. Shati lilikuwa limechanika tangu kifundo cha mkono hadi kiwiko, na juu ya ngozi palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama wa penseli. Hakuwa amesikia chochote. Aliiona tu miguu ya watu imemzunguka. Akawatazama, mkwe wake, mjukuu wake na mwanawe, na uso wake ukachanua, maana alidhani wamekuja kumwita. Akainua mkono wenye brashi juu kabisa.

"Washeni!" akasema kwa furaha. "Mimi nipo!"

Fundi aliitupa simu. Alianguka mbele ya baba yake, akaliweka paji la uso kwenye lile bega, akalia mbele ya mteja, mbele ya binti yake, bila kuona haya yoyote. Laiti haya ile ingemwacha mapema.

Majirani walikuja jioni na pole zao. "Ajali haina kinga," walisema, kama tunavyosema sote.

"Kinga ilikuwepo," Mama Subiri aliwajibu. "Tuliiona ya kishamba."

Kesho yake Fundi alishika bisibisi. "Naing'oa leo hii," alisema. "Naitupa jalalani."

Hapa ndipo ninapomvulia kofia mwanamke yule. Wengine tungempa hata nyundo. Yeye alikaa kwenye cherehani yake, akavuta uzi, akasema: "Uitupe ina kosa gani? Imekuokolea kidole chako. Wewe uliulizwa utaratibu wetu, ukasema hatuna. Binti yako alikusikia. Mashine imefanya ulichoiambia. Mwite yule dada, safari hii tumwambie kweli."

Mhandisi akaja. Fundi alimsimulia yote, pamoja na ile haya, na hakujitetea. Mhandisi hakukasirika. Aliomba waonyeshe wanavyoitana, na walipomaliza akawaomba warudie.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakiuliza," alisema. "Mimi najua mashine, ila nyumba yenu siijui mpaka mniambie."

Akaondoa kuwasha kwa simu. Akaweka jicho la pili chini ya meza. Kila aliyefanya kazi pale akawekewa kitufe mahali pake, na msumeno usiwake hadi kila mmoja awe amebonyeza.

"Na kwa Babu," alisema, "nitaweka taa mbele yake. Ikiwaka ataiona na kubonyeza mwenyewe. Hakutakuwa na haja ya mtu kuacha kazi yake kumfuata."

"Dada, mikono yako ibarikiwe, yote uliyosema nimeyapenda," alisema Mama Subiri. "Ila hapo hapana. Babu hatawashiwa taa. Babu ataguswa bega."

"Itawachelewesha kidogo, mama."

"Itucheleweshe."

Mhandisi alimtazama Babu, ambaye alikuwa akimwonyesha binti mguu wa meza na kumlazimisha aupapase. Akafikiri, kisha akacheka peke yake. "Basi kitufe cha Babu nitakifunga nyuma ya kigoda chake," alisema. "Asiweze mtu kukifikia mpaka amfikie yeye." Na akafanya hivyo. Sijawahi kuona ufundi ulionigusa kuliko kile kitufe kidogo cheusi mgongoni mwa mzee.

Ukipita pale leo utasikia: "Nawasha!" na "Washa!" Kisha pana kimya kifupi, mtu anatembea. Halafu sauti ya Babu inatoka kwa nguvu zote: "Chai yenu leo haikuwa na sukari!" Na ndipo msumeno unapoanza kuimba. Kigoda kimerudi kutazama watu, na sahani inarudi jikoni ikiwa tupu.

FUNZO

Jamaa zangu, hadithi hii haikuja kuwaambia mtupe simu wala mzikimbie mashine. Anayetupa chombo kizuri kwa kosa lake mwenyewe ni sawa na anayepiga teke ndoo kwa sababu amejimwagia maji. Vyombo vipya vinaokoa vidole na maisha, na wanaovitengeneza kwa moyo, kama yule mhandisi, wanastahili heshima yetu.

Lakini chombo hakijui unachokithamini mpaka ukiambie. Ukiona haya kusema kwamba nyumbani kwenu mnaitana, mnasubiriana, mnamgusa mzee bega, basi kitapangwa kana kwamba hamfanyi hivyo, na baada ya muda kweli hamtafanya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujaleta kipya nyumbani, uliza: kinafanya kazi gani, na ile kazi ilikuwa imebeba nini ndani yake? Pengine ulidhani ni usumbufu, kumbe ndiyo mapenzi yenyewe.

Na kama nyumbani kwako kuna bega ambalo halijaguswa leo, acha kunisikiliza, nenda.