Jani Lililomwangukia Fudo

Saa 1:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma, duka la tambi. Gisuke alipanga vijiti vya kulia mezani.

"Hiki ukumbi wa hekalu. Hiki chumba cha pembeni, imo picha ya kale ya Fudo, yule mlinzi mkali wa Kibuddha. Mimi napanga foleni na waumini. Nafungwa kitambaa machoni, nadondosha jani juu ya mandala, ile picha ya Mabuddha na walinzi wao iliyotandikwa sakafuni. Yule litakayemwangukia, ndiye mlezi wangu mpaka kufa. Upuuzi! Likidondoka tu, nazimia. Watawa wananikimbilia. Wewe unamtoa Fudo, tukutane mlango wa nyuma."

"Funguo za gari nipe mimi," Sumiyo alisema.

"Nikupe uniache? Nakujua, dada."

Alimjua kweli. Sumiyo akikamatwa tena ni miaka minane jela. Mama yake ana themanini na tatu.

Saa 4:35.

Sumiyo alishika ufagio, aproni ya wanaojitolea kiunoni. Ukutani, picha ya hariri iliyokolea moshi wa ubani. Fudo wa buluu, moto mgongoni, upanga kulia, kamba kushoto, chonge moja juu, nyingine chini.

"Usinikodolee," alimnong'oneza. "Nakuhamisha tu."

Saa 4:41.

Ukumbini sala zilikatika. Sauti ya mtawa ikatangaza, "Fudo!"

Dume zima likaangua kilio kama ndama. Miguu ikakimbilia huko.

Jamani, Gisuke anajua kuigiza! Sumiyo aliiangua picha, akaikunja, akaitia kwenye mwavuli.

Saa 4:46.

Gisuke alisimama mlango wa nyuma. Kitambaa shingoni, jani juu ya upara, macho mekundu.

"Umewaliza mpaka watawa. Fungua gari!"

"Limemwangukia yeye, dada."

"Nimesikia. Funguo!"

"Ile kamba si ya kunyongea. Mtawa kaniambia ni ya kuwavuta wakaidi waokoke. Miaka hamsini na sita, hakuna aliyewahi kunitaka." Akaukodolea mwavuli. "Huyo uliyembeba ni wangu."

"Wako, wangu, wetu! Twende tukamuuze!"

"Wangu simuuzi."

"Gisuke, tafadhali, mama yangu atakufa sipo."

Gisuke alishusha macho. Sumiyo akadhani amempata. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa Gisuke, achomoe funguo.

Gisuke akamdaka kifundo cha mkono. Akapaza ile sauti iliyokuwa ikiwakojoza watu vichochoroni:

"Watawa! Mwizi!"

Walikuja wanne. Waliikunjua picha, wakaisujudia kwanza, bila haraka. Gisuke naye akasujudu, mkono mmoja sakafuni.

Ule mwingine haukumwachia Sumiyo.